Meza Ndogo

Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi. Mimi nilifundisha shule za msingi kwa miaka 38, tangu nilipotoka Chuo cha Ualimu cha Mpwapwa mwishoni mwa mwaka 1972 hadi nilipostaafu mwaka 2011 nikiwa mwalimu mkuu. Kwa muda wote huo niliamini kwamba mtoto mzito wa kichwa namtambua hata kabla hajafungua kinywa. Imani hiyo ilivunjwa mwaka 2022, nikiwa na umri wa miaka 71, hapa nyumbani kwangu Muheza, tena ilivunjwa na mashine. Naomba nieleze ilivyokuwa, kwa sababu kisa hiki kina aibu yangu ndani yake, na aibu ya mwalimu ikifichwa haimfai mtu.

Kompyuta yangu ni ya mezani, ile yenye sanduku lake, kioo chake na kibodi yake mbalimbali. Mwanangu alininunulia mwaka 2013 ikiwa imekwisha kutumika katika ofisi za watu huko ng'ambo. Miaka mingi niliitumia kwa barua, hotuba za arusi na taarifa za kikundi chetu cha wastaafu, nayo haikunisumbua. Mwaka 2022 nikaipa kazi kubwa zaidi. Nina sanduku la bati lenye madaftari ya alama niliyoyatunza tangu mwaka 1973, na mchwa walikuwa wamekwisha kuyaonja mawili. Nikaazimia kuyanakili yote katika kompyuta, jina kwa jina, na kuweka picha ya kila ukurasa kando ya orodha, ili siku nitakapoondoka duniani watu waliosoma kwangu wajione kuwa walikuwapo.

Kazi hiyo ikawa mateso. Kila nilipofungua orodha ya majina pamoja na picha za madaftari, mashine ilianza kusuasua. Mshale wa kipanya uliganda. Taa ndogo iliyo mbele ya sanduku ilipepesa bila kukoma, na ndani nikasikia mkwaruzo kama wa panya aliye darini. Niliandika jina moja nikasubiri, na herufi zikaja mojamoja kama watoto waliochelewa mstarini. Siku moja uvumilivu ukanitoka, nikalipiga sanduku kofi.

"Mbumbumbu mkubwa huyu!" nikasema.

Mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa kidato cha tatu na ambaye alikuja kwetu kwa likizo ya Juni, akacheka. "Babu, huyu si mbumbumbu," akasema. "Meza yake ni ndogo."

Nilimtaka anieleze, naye akanieleza vizuri kuliko walimu wengi niliowahi kuwakagua. Alisema ndani ya kompyuta mna kumbukumbu za aina mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni diski, na hiyo ni kabati. Humo huwekwa barua, picha na programu zote, na umeme ukikatika vitu hubaki salama. Ya pili ni ile ambayo mafundi huiita ramu, na hiyo ni meza. Kompyuta haiwezi kufanya kazi juu ya karatasi iliyo kabatini. Lazima kwanza iilete mezani, na umeme ukikatika meza yote hufagiwa. Kabati la mashine yangu lilikuwa na gigabaiti 250, na hata nusu yake haikuwa imejaa. Meza ilikuwa na gigabaiti 2 tu.

Sasa, meza ikijaa, kompyuta haikatai kazi. Huchukua karatasi mojawapo iliyo mezani, huirudisha kabatini kwa muda, huweka nyingine mahali pake, kisha ikiitaka ile ya kwanza huifuata tena. Ule mkwaruzo niliousikia ulikuwa wa mashine ikienda kabatini na kurudi, kwenda na kurudi, kwa ajili ya jina moja la mtoto.

Jambo lililonishangaza zaidi ni umbali wa kabati lenyewe. Diski ya kuzunguka kama yangu huhitaji kiasi cha sehemu moja ya mia ya sekunde ili kukifikia kitu. Ramu huhitaji kiasi cha sehemu moja ya milioni kumi. Mimi ni mtu wa hesabu, nikachukua karatasi. Tofauti ni mara 100,000. Yaani kama kuokota karatasi mezani kungechukua sekunde moja, kuifuata kabatini kungechukua siku moja na karibu saa nne. Nikaitazama mashine niliyoipiga kofi. Ilikuwa ikitembea safari ya zaidi ya siku nzima kwa kila neno, na bado ilikuwa inaleta majibu sahihi.

Dawa ya ugonjwa huo ni kuongeza ramu. Hapo nikafanya kosa la kudhani kwamba jina la kitu ni kitu chenyewe. Nilipanda basi hadi Tanga mjini, nikaingia duka la vifaa vya kompyuta na kuomba ramu mbili za gigabaiti 4 kila moja. Kijana wa duka akaniuliza: "Mzee, unataka DDR ya ngapi?" Nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba nataka iliyo nzuri. Akanipa iliyo nzuri.

Nyumbani mjukuu wangu akachomoa waya wa umeme, akabonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliosalia ndani uishe, kisha akanifundisha kugusa chuma kitupu cha sanduku kabla ya kugusa kitu kingine chochote, kwa kuwa mwili wa binadamu hubeba umeme usioonekana unaoweza kuunguza vijisehemu vya ndani. Tukafungua. Ramu ni kibao chembamba, kirefu kama sentimeta 13, chenye meno ya rangi ya dhahabu ukingoni. Ukingo huo una pengo moja ambalo halikuwekwa katikati, na ndani ya tundu la ubao mkuu mna kigingi kinachokutana na pengo hilo. Ya kwangu ya zamani ilikuwa DDR3, yenye meno 240. Niliyonunua ilikuwa DDR4, yenye meno 288, na pengo lake lipo mahali pengine. Hata umeme zinaotumia si sawa: ya kwanza volti 1.5, ya pili volti 1.2.

Mimi sikuwa nimeyajua hayo. Niliona tu kwamba inakataa. Nikaweka vidole gumba viwili juu yake, nikajiandaa kuikandamiza kwa nguvu, kama nilivyozoea kuyakandamiza mambo yanayokataa.

"Babu, usilazimishe," mtoto akasema huku akinishika mkono. "Kama haiingii, ujue hapo si pake."

Nikarudi Tanga kesho yake na ramu ya zamani nimeifunga katika karatasi, na kijana wa duka, kwa uungwana wake, akanibadilishia. Ninayempa shauri mtu mwingine humwambia hivyo hivyo: usiende dukani na jina, nenda na kitu chenyewe mkononi.

Hata zile sahihi zilikuwa na vituko vyao. Tulipowasha, kioo kilibaki cheusi na sanduku likalia milio mifupi mfululizo, ambayo ndiyo namna yake ya kusema kwamba haioni kumbukumbu. Mjukuu akazichomoa, akaniomba raba ya penseli. Nilidhani ananitania. Akayasugua yale meno ya dhahabu kwa raba taratibu, akapangusa vumbi lake kwa kitambaa kikavu, akazirudisha mpaka vibanio vya pande zote mbili vikalia. Kompyuta ikawaka. Miaka 38 nilikuwa na raba mfukoni, na sikujua kama inafaa kwa kazi hiyo.

Lakini kioo kikatuandikia jambo la ajabu: gigabaiti zilizofungwa ni 8, zinazotumika ni 3.25. Meza kubwa ililetwa ndani, na mwenye nyumba akawa anaona chini ya nusu yake. Sababu ilikuwa programu endeshi, Windows ya biti 32. Programu ya namna hiyo huhesabu mahali pa kuwekea vitu kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, na hesabu hiyo ikifika 4,294,967,296 imekwisha, yaani gigabaiti 4, na sehemu ya hizo hutengwa kwa ajili ya vifaa vingine vya mashine. Ikabidi tumwite fundi wa hapa Muheza, akahifadhi madaftari yangu kwenye flashi, akaweka Windows ya biti 64. Tangu hapo meza yote ikaonekana, na panya wa darini akanyamaza.

Usiku ule nilikaa peke yangu, nikafungua daftari la mwaka 1979. Orodha na picha zilikuja mara moja. Na kwa kuwa sasa hapakuwa na kusubiri, macho yangu yaliweza kwenda kwenye orodha na kurudi kwenye picha, na kulinganisha mambo ambayo sikuwahi kuyalinganisha.

Mwaka ule nilifundisha hesabu darasa la sita katika shule niliyoanzia kazi. Kila asubuhi tulianza kwa hesabu za kichwa, maswali kumi, kalamu chini, mikono nyuma. Nilikuwa naandika alama kila siku. Katika orodha ile alikuwamo mvulana mmoja wa dawati la nyuma. Sitamtaja jina. Alama zake za kichwa zilikuwa hizi: 2, 1, 3, 2, 0, 2. Alama zake za majaribio ya kuandika, katika ukurasa wa pili wa daftari hilo hilo, zilikuwa 84, 79 na 88. Kurasa hizo mbili ziligusana migongo kwa miaka 43 na mimi sikuzisoma pamoja hata siku moja.

Nikakumbuka asubuhi moja. Niliuliza: mkulima ana magunia 36 ya mahindi, kila gunia kilo 85, ameuza magunia 19, je, amebakiwa na kilo ngapi? Nilipita katikati ya madawati nikamwona yule mvulana ameinama. Alikuwa na kijiti, na kwenye ngozi kavu ya paja lake alikuwa amechora kwa mstari mweupe: 850. Chini yake alikuwa anaanza kuandika 595. Ndugu msomaji, ukizijumlisha utapata 1,445, na hilo ndilo jibu. Alibakiza mstari mmoja tu.

Nikamwambia anaibia. Nikamchapa mbele ya wenzake, na lile paja lenye hesabu sahihi likawa ndilo nililochagua. Siku hizo tulikuwa na methali yetu ya kujitetea, samaki mkunje angali mbichi. Yule samaki nilimvunja. Kuanzia wiki ile alianza kuchelewa makusudi ili kipindi cha kwanza kimpite, kisha utoro, na alipofika la saba hakurudi kabisa. Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hakuufanya.

Ubaya zaidi ni kwamba mimi nilikwisha kufundishwa. Chuoni, katika somo la saikolojia ya elimu, mkufunzi wetu alituambia habari za Mmarekani George Miller, aliyeandika mwaka 1956 kwamba akili ya mtu huweza kushika kwa wakati mmoja kiasi cha vitu saba, ukiongeza viwili au ukipunguza viwili. Niliyanakili hayo, nikayajibu kwenye mtihani, nikafaulu. Mwaka 1974 Waingereza Alan Baddeley na Graham Hitch wakaendelea na uchunguzi wakaeleza habari za kumbukumbu ya kufanyia kazi, ile inayoshika mambo wakati mtu anafikiri. Wachunguzi wa baadaye wameishusha idadi hata kufikia vitu vinne hivi. Na wote wanakubali kwamba ukubwa wa meza hiyo hautoshani kwa watu wote. Kwa hiyo elimu ile nilikuwa nayo. Ilikuwa kabatini, imefungwa vizuri. Asubuhi ile darasani, mezani kwangu haikuwapo. Mezani palikuwa na fimbo.

Nilipotazama 850 ile kwa macho ya mzee aliyetoka kuongeza ramu, niliona wazi alichokuwa anafanya mtoto. Meza yake ilijaa. Magunia yalibaki 17, mara kumi ni 850, mara saba ni 595, na ya kwanza ilikuwa inaanguka kabla ya kuifikia ya pili. Akatafuta mahali pa kuiweka kwa muda. Hakuwa na karatasi, kwa sababu nilikuwa nimeikataza, akatumia ngozi yake. Wahenga ndio waliosema mali bila daftari hupotea bila habari. Mtoto alijitengenezea daftari, na mimi nikamwadhibu.

Sikulala vizuri. Asubuhi nikaanza kuuliza habari zake kwa wale waliosoma naye, na baada ya wiki mbili nikaambiwa kwamba ni seremala katika mji mdogo ulio njiani kwenda Korogwe. Nikapanda basi nikaenda.

Nilimkuta chini ya banda la mabati, mtu mzima wa miaka 56, ana mvi. Alinitambua kabla sijamtambua. Akaweka randa chini, akajifuta mikono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Karibu. Msiba?"

Alidhani nimeleta taarifa ya kifo, maana kwa nini tena mwalimu wa zamani amfuate mtu baada ya miaka yote hiyo? Nikamwambia si msiba. Akaniletea stuli, nikakaa, nikamweleza yote: daftari, alama za kurasa mbili, 850. Nikamwambia kwamba hakuwa anaibia, na kwamba nimekuja kumwomba radhi.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akatoa penseli iliyokuwa juu ya sikio lake, akanionyesha ubao aliokuwa anaupima. Ulijaa tarakimu: urefu, upana, unene wa msumeno wa kutoa.

"Mwalimu, naandika mpaka leo," akasema. "Kichwani hazikai. Nikiandika, sikosei. Watu wanatoka mbali kuniletea kazi kwa sababu milango yangu haikwami."

Nikasema hilo ni jambo la kumshukuru Mungu.

"Ndiyo, Mwalimu. Na wewe nilikwisha kukusamehe siku nyingi. Walimu wote walikuwa wanachapa." Akairudisha penseli sikioni. "Ila mtihani wa la saba ningependa ningeufanya."

Sikuwa na jibu, na hata leo sina. Tulikunywa chai, akaniuliza habari za walimu wenzangu, wengi wao marehemu, na jioni akanisindikiza hadi kituo cha basi akanilipia nauli. Nilikataa, akasema: "Mwalimu, usinikatalie." Nikaipokea.

Ndugu msomaji, siku hizi wapo wanaotaka kuifananisha akili ya binadamu na kompyuta kwa kila jambo. Mimi siendi mbali hivyo. Ramu ya mashine nilibadilisha kwa siku chache na fedha kidogo za pensheni, lakini hakuna duka Tanga wala Dar es Salaam linalouza ramu ya mtoto. Meza aliyopewa na Muumba ndiyo hiyo hiyo. Kinachowezekana ni kumpa karatasi, kumpunguzia maswali yakaja moja baada ya jingine, na kumwachia nafasi ya kuweka kitu chini kabla ya kuokota kingine. Wale wanangu wanaofundisha sasa wakija kunisalimia, nawaomba jambo moja tu: usimwite mtoto mzito kabla hujaweka alama zake za kichwa na alama zake za kuandika kando kwa kando, ukazitazama kwa pamoja. Kazi hiyo ni ya dakika tano. Mimi ilinichukua miaka 43.

Madaftari nimekwisha kuyanakili yote. Mbele ya jina la yule mvulana, katika safu ya maelezo, mwaka 1979 nilikuwa nimeandika neno moja: "Mzembe." Nimelinakili kama lilivyo, kwa kuwa kumbukumbu hazighushiwi. Kisha chini yake nikaongeza tarehe ya mwaka 2022 na maneno haya: "Meza yake ilikuwa ndogo. Mwalimu hakuona."